Tia Sarafu, Chagua Wimbo: Enzi za Jukiboksi na Santuri za River Road

Wadau wa zilipendwa, leo tunarudi nyuma. Siyo nyuma ya CD wala ya kaseti, tunaenda mbali zaidi ya hapo. Tunaenda enzi ambazo ukitaka kusikia wimbo unaoupenda baa, unaingiza mkono mfukoni, unatoa sarafu, unaenda hadi kwenye mashine iliyoegeshwa ukutani kama kabati lenye taa, unaitumbukiza, unabonyeza herufi na namba, halafu unasubiri. Na baa nzima inasubiri pamoja na wewe, maana hawajui umewachagulia nini.

Mashine hiyo inaitwa jukiboksi. Mtajie mtu wa miaka 60 na kitu aliyewahi kukaa Nairobi au Mombasa, utaona anatabasamu kabla hajajibu. Kwa sisi ambao wimbo ni kugusa kioo tu, tena ukichosha sekunde ya kumi unauruka, jambo hili linasikika kama hadithi za sungura na fisi. Lakini ukilichunguza vizuri utakuta ndani yake ugomvi uleule tunaopigana mtandaoni kila wiki: nani anaamua wimbo upi ni mkali, nani anakula hela ya msanii, na kwa nini nyimbo nyingine zinapotea kabisa wakati nyingine zinaishi.

Twende taratibu.

DUDE LENYEWE LILIKUWAJE?

Ndani ya jukiboksi kuna santuri nyingi zimepangwa wima, kama sahani kwenye kichanja cha kukaushia vyombo. Nje, nyuma ya kioo, kuna vikaratasi vyenye jina la wimbo na la msanii, na kila kimoja kina namba yake. Ukishalipa na kubonyeza, mkono wa chuma unatembea, unachomoa santuri uliyoitaka, unailaza kwenye sahani inayozunguka, sindano inashuka. Kwanza unasikia mkwaruzo, krrr. Kisha gitaa. Wimbo ukiisha, mkono unairudisha santuri mahali pake na kwenda kufuata ya mtu mwingine. Foleni ya nyimbo ilikuwepo zamani sana kabla ya simu yako.

Asili ya mambo haya ni Marekani. Tarehe 23 Novemba 1889, jamaa anayeitwa Louis Glass aliweka mashine ya kwanza ya aina hii kwenye baa ya Palais Royale, mjini San Francisco. Haikuwa na spika. Ilikuwa na mirija ya kusikilizia, kila mteja anatia sarafu yake na kuweka mrija sikioni, watu wanne kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ukimwona mtu ndani ya daladala kajifungia na earphone zake, jua hata hilo siyo geni.

Jina lenyewe lina safari. Huko kusini mwa Marekani, vibanda vya pombe na dansi vya watu weusi viliitwa "juke joint", na wataalamu wengi wa lugha wanaona neno hilo "juke" lilivuka bahari kutoka Afrika Magharibi pamoja na watu waliochukuliwa utumwani. Yaani chombo kilipofika huku kwetu, jina lake lilikuwa linarudi kwenye bara lake.

Kilicholifanya jukiboksi kuwa mfalme wa baa ni mambo mawili yaliyokuja kwa pamoja. Mwaka 1948 kampuni ya Seeburg ilitoa mashine yenye nyimbo 100 za kuchagua, yaani santuri 50 zinazopigwa pande zote mbili. Mwaka uliofuata, 1949, kampuni ya RCA Victor ikaleta santuri ndogo ya plastiki inayozunguka mara 45 kwa dakika, yenye tundu kubwa katikati. Zile za zamani, za mizunguko 78, zilikuwa nzito na zilivunjika kama kigae. Hizi mpya zilikuwa nyepesi, ngumu, na rahisi kwa mkono wa mashine kuzishika. Kufikia 1950 Seeburg walikuwa wameshaziingiza kwenye jukiboksi. Ndoa ikafungwa hapo.

KWETU SANTURI ILITANGULIA

Usidhani tulingoja mashine za Wamarekani ndipo tuanze kununua muziki. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwanamke wa Kizanzibari aliyezaliwa katika umaskini, alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Nyimbo hizo za Kiswahili zikarudi pwani zikiwa kwenye santuri. Wenye migahawa ya kahawa wenye gramafoni wakawa wanazipiga, na mgahawa wenye gramafoni ulijaa watu.

Ila kumbuka tofauti moja. Kwenye mgahawa ule aliyechagua wimbo ni mwenye gramafoni. Wewe mteja kazi yako ni kunywa kahawa na kushukuru. Jukiboksi lilipokuja, uamuzi ukahama kutoka kaunta kwenda kwa mteja. Mbeba mizigo mwenye sarafu moja na karani mwenye tai walikuwa na kura sawa. Mwenye baa anaweza kuuchukia wimbo wako hadi basi, lakini umelipia, atafanyaje?

NAIROBI YABEBA WOTE

Kwa nini tunaitaja sana Nairobi? Kwa sababu huko ndiko zilikokuwa studio nyingi za biashara, na huko ndiko kulikokuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Miaka ya 60 studio ya Equator Sound iliwakusanya watu kama Fadhili William, Daudi Kabaka na Gabriel Omolo. "Helule Helule" ya Kabaka ilivuka hadi Uingereza, na mwaka 1968 kundi la The Tremeloes likaurudia na kuingia nao kwenye chati za huko. Mwaka 1974 Gabriel Omolo akatoa "Lunch Time", wimbo unaotajwa kuuza zaidi ya nakala 150,000 na kumpatia santuri ya dhahabu. Nakala 150,000, bila mtandao, bila lebo kulipia matangazo, kwa watu wanaonunua moja moja dukani.

Sasa Tanzania tulikuwa wapi? Muziki tulikuwa nao tele, kiwanda hatukuwa nacho. Salum Abdallah wa Cuban Marimba ya Morogoro alitoka kwenye santuri za lebo ya Mzuri ya Mombasa. Mbaraka Mwinshehe, fundi wa gitaa wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, santuri zake zilirekodiwa Nairobi na kutoka kwenye lebo ya Polydor. D.O. Misiani, aliyekuja kuitwa mfalme wa benga huko Kenya, kwao ni Shirati, mkoa wa Mara. Wale ndugu wa Simba Wanyika walianzia Tanga. Na kutoka upande wa Kongo wakaingia Baba Gaston, Super Mazembe na wengine, wakapiga kambi Nairobi na kuimba Kiswahili.

Kwa hiyo unaposhika santuri ya zamani iliyoandikwa "Nairobi", usishangae ukikuta ndani yake ni Morogoro, au Lubumbashi, au Tanga. Mji ule ulikuwa jiko, na mboga zilitoka kila shamba.

Hapa Dar bendi zilirekodi Radio Tanzania. Nyimbo zilihifadhiwa kwenye mikanda na kupigwa redioni, na nyingi kati yake hazikuwahi kuwa santuri ya kununua dukani. Ukiupenda wimbo, unangoja kipindi cha salamu au unaenda ukumbini. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa hadi 1983. Miaka sita hiyo, mwanamuziki wa Dar na kiwanda cha Nairobi walikuwa kama wachumba ambao wazazi wamegombana.

SIKU YA MSHAHARA RIVER ROAD

Mwisho wa mwezi Nairobi ulikuwa na sauti yake. Kwenye River Road na mitaa ya jirani, maduka ya santuri yaliweka spika mlangoni, kila moja likijaribu kulifunika la jirani. Hapa benga, pale rumba, ng'ambo ya barabara Kikuyu, mbele kidogo Kikamba. Mtu aliyetoka kijijini alisikia lugha ya kwao ikiimbwa katikati ya jiji, akasimama. Akisimama tu, muuzaji kashampata.

Kununua santuri hakukuwa jambo la kukurupuka. Kwanza unaweza usijue jina la wimbo. Umeusikia kwenye baa Jumamosi, umekaa kichwani wiki nzima, sasa uko mbele ya kaunta unamwimbia muuzaji vipande viwili huku aibu inakupanda. Muuzaji mzuri alikuwa ndiyo injini ya kutafutia ya siku zile. Anasikiliza kidogo, anageuka, anachomoa santuri, anaiweka, na sindano ikishuka unapiga kofi: "Ndiyo huo huo!"

Kisha unaikagua. Unaishika kwa kingo, kamwe usiguse uso wake kwa vidole vyenye mafuta, unaielekeza kwenye mwanga kuona kama ina mkwaruzo. Mkwaruzo mmoja wa kina na sindano itarukaruka palepale maisha yote, hadi ukija kuusikia wimbo huo mahali pengine bila kuruka utaona kama wamekosea wao. Unaangalia karatasi ya katikati yenye jina la lebo, maana watu walifuata lebo kama tunavyofuata akaunti leo. Wengine walinunua kwa lebo tu bila kusikiliza.

Na lebo hizo zilikwenda mbali. Mfanyabiashara wa muziki Oluoch Kanindo alikuwa na lebo iliyoitwa Sungura, akisambaza benga hadi kusini mwa Afrika. Huko Zimbabwe santuri hizo zilipendwa kiasi kwamba muziki wao wa magitaa ukaja kuitwa "sungura", na neno "kanindo" nalo likawa jina la mtindo. Fikiria, unaanzisha lebo Kenya, na nchi nyingine inautolea muziki wake jina lako.

Sasa ucheke kidogo. Wapo waliokuwa na santuri bila chombo cha kuzipigia. Unanunua santuri, unaenda nayo kwa jirani mwenye radiogramu, lile kabati la mbao lenye redio, sahani ya santuri na spika ndani yake. Jirani mwenye radiogramu alikuwa mtu mkubwa mtaani. Krismasi na Idd nyumba yake ndiyo ukumbi. Watoto walikatazwa kuigusa kwa sauti ile ile inayotumika leo kuwakataza kugusa laptop.

UPANDE WA KWANZA MANENO, UPANDE WA PILI MOTO

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tunaosikiliza zilipendwa mtandaoni hatulijui. Santuri ndogo ilibeba dakika nne tano hivi kwa upande mmoja. Rumba na benga hazikai kwenye dakika nne. Mwimbaji anataka kukueleza mkasa wote, halafu magitaa nayo yanataka nafasi yao ya kuchemka. Dawa ikawa kuukata wimbo: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule.

Na ulikatwa mahali pabaya kwa makusudi ya mwili wako. Upande wa kwanza ni hadithi: mapenzi, madeni, mke na mume, mjomba mchoyo. Mara magitaa yanaanza kukimbia, unainuka kwenye kiti, sauti inafifia taratibu. Kwisha. Nyumbani unaigeuza. Kwenye jukiboksi, upande wa pili una namba yake na unataka malipo yake. Ukitaka kuicheza ile sehemu ya moto, rudi mfukoni.

Ndiyo maana mtu aliyelipia pande zote mbili alionekana muungwana. Na aliyelipia upande wa kwanza peke yake, akakuinua kitini kisha akakuacha hewani, alitazamwa vibaya. Mara nyingi sarafu ya upande wa pili ilitoka kwenye meza nyingine kabisa, kwa mtu ambaye uvumilivu umemshinda.

BAA KAMA UKURASA WA MTANDAO

Kumbi kubwa za Nairobi kama Starlight na Garden Square zilikuwa na bendi za kupiga jukwaani, lakini kule unalipa kiingilio, unavaa vizuri, na bia ina bei ya ukumbini. Wengi walibaki na baa ya mtaani na mashine yake. Huko ndiko utamaduni wenyewe ulikokaa.

Kila baa ilikuwa na watu wake. Kuna mzee mmoja wa pembeni anayechagua wimbo uleule kila siku, hakuna anayemuuliza kwa nini, wanajua tu kuna mtu aliondoka. Kuna baamedi anayezijua namba zote kwa kichwa, unamtajia wimbo anakuambia herufi na namba bila kuangalia. Kuna yule anayetia sarafu kisha anasahau aliyotaka, anabonyeza yoyote, na Jim Reeves anaanza kuimba Kiingereza cha upole katikati ya benga. Hakuna aliyemfukuza Jim Reeves. Kuanzia Nairobi hadi Arusha, wazee wetu na muziki wa kantri wana mapenzi ambayo sisi hatutayaelewa.

Na wimbo ulitumika kusema. Mtu hawezi kumwambia shemeji yake maneno fulani ana kwa ana, lakini anaweza kusimama, kutia sarafu, kubonyeza wimbo wa mtu aliyesalitiwa na rafiki yake, kisha kurudi kukaa kimya akitazama glasi. Aliyekusudiwa anaelewa. Naye anaamka, anatia sarafu yake, anajibu. Watu wamegombana na kupatana hivyo, bila neno. Leo tunaweka wimbo kwenye status na kungoja nani ataufungua. Ni mchezo uleule, ila wakati ule ulilipia, na mlengwa yuko mita tatu kutoka ulipo.

Mashine nyingine zilikuwa pia na kihesabio kinachoonyesha kila santuri imepigwa mara ngapi. Mwenye mashine akija kukusanya sarafu anaona ipi inalipa na ipi imekaa bure, anaitoa iliyolala na kuweka mpya. Huko Marekani jarida la Billboard lilikuwa na chati maalumu ya nyimbo zinazopigwa zaidi kwenye majukiboksi, kuanzia 1944 hadi 1957. Kwa maneno mengine, watu walikuwa wanahesabu "views" kabla baba yako hajazaliwa. Na hesabu ile ilikuwa ngumu kuidanganya, kwa kuwa kila namba moja ni sarafu ya mtu.

WIMBO AMBAO REDIO HAIKUUTAKA

Kuna faida nyingine ambayo haisemwi sana. Wakati ule kila nchi ilikuwa na redio moja, ya serikali. Kenya ni Voice of Kenya, Tanzania ni RTD. Wimbo ukikataliwa pale, umefungiwa hewani kote. Hakuna stesheni ya pili ya kukimbilia.

Mwanasiasa J.M. Kariuki alipouawa Machi 1975, Kenya ilitikisika. Joseph Kamaru, mwimbaji wa Kikuyu ambaye hakuwa na woga, alitoa wimbo wa kumlilia. Redio ilifungwa kwake, lakini santuri ilishatoka na watu waliinunua kwa kasi. Hapo ndipo unaona nguvu ya kitu kinachoshikika. Redio unaizima kwa amri ya ofisi moja. Santuri ikishasambaa kwenye nyumba za watu, utazifuata zote? Utagonga milango mingapi? Mashine ya sarafu nayo haikuwa na mhariri wa vipindi. Inapiga iliyowekewa, kwa yeyote aliyelipa.

SASA HELA ILIENDA WAPI?

Tufike kwenye kidonda. Sarafu zote zile, baa zote zile, kila usiku. Msanii alipata nini?

Mara nyingi mashine haikuwa ya mwenye baa. Ilikuwa ya mtu mwenye mashine kadhaa aliyeziweka kwenye baa za watu, anakuja na ufunguo, anafungua sanduku, wanahesabu na kugawana. Watu wawili. Mwimbaji hayupo kwenye hesabu hiyo. Yeye alihusika mara moja tu, siku santuri ilipouzwa. Baada ya hapo ipigwe mara moja au mara elfu, kwake ni mamoja.

Na wala haikuwa dhambi ya huku peke yake. Marekani kwenyewe, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1909 iliziacha mashine za sarafu zipige muziki bila kumlipa mtunzi kwa kila upigaji. Hali hiyo ilidumu hadi sheria mpya ilipoanza kazi mwaka 1978. Karibu miaka 70 sarafu zinaingia, mtunzi anasikia mlio wake tu.

Huku kwetu wanamuziki wengi walilipwa kwa mkupuo: umerekodi, hela hii hapa, saini, kwaheri. Wimbo ukilipuka, umelipukia mikononi mwa kampuni. Chukua "Malaika". Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 60, Miriam Makeba akauimba, Boney M nao wakauimba, dunia nzima inaujua. Hadi leo watu wanabishana nani hasa aliutunga, huku jina la Adam Salim, Mtanzania, nalo likitajwa. Wimbo mkubwa kuliko yote ya Kiswahili, na bado hatujakubaliana hundi ilipaswa kuandikwa jina gani.

Kwa hiyo mtu akikuambia zamani ndiyo muziki ulilipa, mkubalie nusu. Msikilizaji alilipa, hilo ni kweli. Alilipa mlangoni, dukani na kwenye mashine. Kufika kwa msanii ndiko kulikoleta shida, na shida hiyo tumeirithi nzima nzima. Ukilipia kifurushi chako cha muziki kila mwezi, jiulize sanduku linafunguliwa wapi, na nani wanakaa kwenye hesabu.

KASETI YAVUNJA KARAMU

Kilichoua jukiboksi hakikuwa kikubwa, kilikuwa kidogo cha kuingia kwenye mfuko wa shati. Kaseti ilibuniwa na Philips mwaka 1963, na kufikia miaka ya 80 ilikuwa kila mahali. Mwenye baa akafanya hesabu: kwa nini nigawane sarafu na mwenye mashine, wakati redio kaseti moja kwenye kaunta inanipigia usiku kucha? Uamuzi ukarudi kaunta. Mteja akarudi kuwa mtu wa kunywa na kushukuru.

Tena kaseti inajirekodi. Mtu ananunua moja, kesho yake anauza ishirini. Santuri huwezi kuifyatua jikoni, unahitaji kiwanda. Kaseti unahitaji redio mbili na subira. Wauza santuri wakaanza kuzilalia, makampuni makubwa ya nje yakapunguza mzigo na kuondoka Kenya kuelekea mwisho wa miaka ya 80, na ufyatuaji ukanyamaza. Majukiboksi yakakosa vipuri na santuri mpya. Mengine yalikaa kwenye kona za baa kwa miaka, yamezimwa, yakiwekewa chupa juu yake, hadi siku mtu alipokuja na mkokoteni.

KILICHOBAKI KIKO KABATINI KWENU

Hili ndilo lililonifanya niandike. Kampuni zilipofungwa na kuuzwa, mikanda mingi ya asili ya studio za Nairobi ilipotea. Kwa nyimbo nyingi, nakala pekee iliyobaki duniani ni ile santuri ambayo mtu fulani aliinunua siku ya mshahara. Fundi mitambo au msimamizi hakupaki muziki huu pahala salama. Waliouokoa ni makarani, walimu, madereva na baamedi, kwa hela yao wenyewe.

Wageni waliligundua hilo mapema kuliko sisi. Wakusanyaji kutoka Ulaya walikuja kutafuta santuri hizi, na mwaka 2013 lebo ya Soundway ya Uingereza ikatoa mkusanyiko uitwao "Kenya Special", wa nyimbo za miaka ya 70 na 80 ambazo vijana wengi wa Nairobi hawakuwahi kuzisikia. Pale Kenyatta Market, Nairobi, kuna kibanda cha santuri ambacho vijana sasa wanaenda kuchambua maboksi Jumamosi, katikati ya moshi wa nyama choma na wasusi wa nywele. Biashara imerudi kidogo, na bei za santuri adimu siyo za mchezo.

Kwa hiyo sikiliza. Kama nyumbani kwa babu au bibi kuna radiogramu inayotumika kama meza ya televisheni, fungua mlango wake wa pembeni. Humo ndimo santuri zilipokuwa zinakaa. Ukizikuta, usizipange moja juu ya nyingine, zitapinda, zisimamishe wima kama vitabu. Ziondoe kwenye jua. Vumbi lifute kwa kitambaa laini kufuata mzunguko wa mistari, usikate katikati. Soma jina la lebo, piga picha pande zote mbili, na usimuuzie wa kwanza anayekuja na tabasamu. Kama unamjua mtu mwenye sahani inayofanya kazi, zirekodi kabla ya lolote.

Halafu mkalishe mwenye nazo, umchemshie chai, umwulize swali moja tu, mzee au bibi, wimbo gani uliwahi kuulipia pande zote mbili? Jibu lake litakuwa refu. Washa kinasa sauti cha simu yako kabla hajaanza.